Spika za Pimbi na Makasha ya Kiboko

Hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye mdomo!
Nimebeba ngano.
— Itue tuione!
Ni nzito.
— Tuko wengi!

Basi nisaidieni kuitua pole pole, maana ndani yake mna vitu vya kuvunjika.

Alikuwapo Pimbi, mnyama asiyezidi ukubwa wa sufuria ya wali. Aliishi kwenye mawe juu ya mto, yeye na mkewe na binti yao Somoe. Kila Jumamosi, kazi zikiisha, Pimbi alifungulia muziki. Alikuwa na amplifaya ya kutumia sola, na sola yenyewe ilikaa juu ya mwamba, pale pale pimbi wanapoota jua. Alikuwa na spika mbili ndogo za kuweka rafuni, zimekaa kama mabirika mawili. Zililia vizuri. Zililia tsi-tsi-tsi, tsi-tsi-tsi. Gitaa lilisikika, mwimbaji alisikika. Besi tu ndiyo haikuwapo kabisa.

Mkewe alipenda sana kucheza. Siku moja aliacha katikati ya wimbo, akakaa chini. Pimbi akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," mkewe akasema. "Mikono inacheza, kiuno kinasubiri. Kinasubiri kitu ambacho hakiji."

Neno hilo lilimwingia Pimbi moyoni, kwa sababu Somoe alikuwa anaolewa baada ya mavuno. Harusi gani hiyo, mama wa bibi harusi amekaa tu anasubiri besi? Akashuka kwa Fundi Kakakuona, seremala wa bonde zima. Fundi akamweleza kwamba besi inataka tumbo, na spika ya rafuni haina tumbo. Kinachotakiwa ni spika za kusimama sakafuni, ndefu, zenye sanduku la mninga na nafasi ndani yake ya upepo kuzunguka. Wakakubaliana Pimbi ampigie msasa mbao zake msimu mzima, na Fundi amtengenezee spika mbili. Zile ndogo Somoe akaambiwa ni zake, ataondoka nazo.

Pimbi akapiga msasa. Shwa, shwa, shwa. Jua likapanda, Pimbi anapiga msasa. Shwa, shwa, shwa. Jua likashuka, Pimbi anapiga msasa. Shwa, shwa, shwa. Vumbi la mbao likamjaa kwenye masharubu, mkewe akawa anamcheka kwamba amezeeka ghafla.

Msimu ulipokwisha, spika zikawa tayari. Zilimzidi Pimbi kimo mara tatu. Fundi akazijaribu pale pale karakanani. Du, du, dummm. Misumari ikarukaruka ndani ya kopo. Pimbi akakaa kwenye takataka za randa, akalia kidogo, wala hakuona haya.

Sasa, kule chini mtoni aliishi Kiboko. Alikuwa na shamba la matikiti ambalo hakuna aliyewahi kuonjeshwa hata kipande, na nyumba iliyojaa vitu vya watu. Akisikia fulani ana kitu, anakuja, anabeba. Viti vya Nyani vilikuwa kwake. Kitanda cha Ngiri kilikuwa kwake, na wala hakukilalia, alilala majini.

Kiboko akasikia dummm. Akaja. Tindi, tindi, tindi. Akaziba mlango wote wa karakana, akauliza hizo spika ni kubwa kiasi gani. Fundi akamwonyesha kimo kwa mkono. Kiboko akasema kesho asubuhi atapanda mawe kuzichukua, na asiyetaka ajiandae kukanyagwa. Akaondoka. Tindi, tindi, tindi.

Fundi akazitia spika ndani ya makasha mawili ya mbao ili zisikwaruzwe njiani, wakazipandisha hadi kwa Pimbi. Pimbi akakaa bila kula. Akamwambia mkewe kwamba msimu mzima wa kazi umekwenda bure. Mkewe akataka kujua Kiboko alisema nini hasa, neno kwa neno. Pimbi akamweleza.

"Hakuuliza zinaliaje?"

"Hakuuliza."

"Aliuliza ukubwa tu?"

"Ukubwa tu."

Wakatazamana. Halafu wote wawili wakageuka kuyatazama makasha, maana makasha yalikuwa marefu kuliko spika zenyewe kwa shubiri mbili nzima.

Wakatoa spika. Wakatia kokoto. Wakapigilia misumari, ko, ko, ko. Wakayapaka makasha rangi nyekundu, wakachora na duara nyeusi kwa mbele. Spika zenyewe wakazisimamisha kando yake, wazi, bila hata kuzifunika.

Asubuhi Kiboko akaja. Tindi, tindi, tindi. Pimbi akamkimbilia, akaanguka miguuni pake, akamwomba kwa machozi achukue zile mbili fupi, amwachie zile ndefu nyekundu, kwani ndizo za harusi ya mwanawe. Kiboko akazitazama fupi. Akazitazama ndefu.

"Kati yangu na wewe, nani mkubwa?"

"Wewe, bwana mkubwa."

"Basi ndefu ni zangu."

Akajitwisha makasha. Ndani kokoto zikalia chaka-chaka-chaka.

Pimbi akamfuata nyuma huku akijifuta machozi, akamweleza matunzo yake. Spika kubwa hazilii siku ya kwanza, sharti zizoee kwanza, siku saba. Azisimamishe shambani. Asizifungue, maana zikifunguliwa sauti inachuja. Akae mbele yake kila siku mpaka zimfahamu. Siku ya saba ndipo zitakapoanza. Na siku ya saba, Pimbi akasema kwa unyenyekevu, ndiyo Jumamosi ya harusi ya Somoe. Je, wageni wake wangeruhusiwa kuja kucheza mbele ya spika za bwana mkubwa?

Kiboko akalipenda sana lile neno, wageni. Nyumbani kwake kulikuwa na viti vya kila mtu, lakini hakuna aliyewahi kuja kuvikalia. Akakubali.

Siku ya kwanza Kiboko akakaa mbele ya makasha. Kimya. Siku ya pili akakaa. Kimya. Siku ya nne ndege Kwembe akatua juu ya kasha moja, akachokoachokoa, akaruka zake. Kimya. Siku ya sita Kiboko akaanza kuingiwa na wasiwasi, akatuma mtu kumuuliza Pimbi. Jibu likaja kwamba zimebakiza kidogo tu, asizikaripie.

Jumamosi adhuhuri, wageni wakashuka bondeni na bibi harusi katikati, vigelegele mbele na nyuma. Huko juu, spika za mninga zilikuwa zimesimama mlangoni pa pango, zimetazama bonde, na Fundi Kakakuona amekaa kwenye amplifaya. Alipoona watu wamefika shambani, akafungulia.

Du, du, dummm. Du, du, dummm.

Sauti ikashuka, ikagonga ukuta wa mawe ng'ambo ya mto, ikarudi ikalizunguka shamba. Ardhi ikatetemeka. Kokoto zikaitikia ndani ya makasha, chaka-chaka-chaka. Kiboko akauweka mguu wake mnene juu ya kasha, akahisi jinsi linavyotetemeka.

"Zimenifahamu," akasema kwa sauti ndogo, na macho yakamjaa maji.

Kuanzia hapo hakukaa tena. Akaamuru matikiti yapasuliwe, yote, asije mtu akasema shughuli ya Kiboko ilikuwa kavu. Akatoa viti. Nyani akakalia kiti chake mwenyewe, mara ya kwanza kwa miaka miwili. Ngiri akapewa kitanda chake abebee matikiti kwenda kwa wazee, akakibeba hicho, akabeba moja kwa moja hadi kwake. Mkewe Pimbi alicheza mpaka kanga ikafunguka mara mbili, akaifunga, akaendelea. Hata bwana harusi, aliyekuwa mwoga wa watu, alionekana akitingisha mabega.

Jua lilipopoa, Kiboko akamwita Pimbi pembeni. Akasema huenda siku ile alikuwa mkali mno. Lakini hana kinyongo. Spika ni zake, sawa, ila sauti haina ukuta.

"Kila Jumamosi zitalia," akasema. "Ukizisikia huko juu kwenu, cheza tu na mkeo. Sikudai chochote."

Pimbi akainama, akamshukuru sana. Akauliza kama bwana mkubwa angependelea zianze na nyimbo za taratibu au za kasi. Kiboko akafikiri, akasema za taratibu, maana za kasi zinamsumbua magoti. Na kweli, Jumamosi iliyofuata, spika za Kiboko zilianza na za taratibu.

Funzo lake ni hili, wadogo kwa wakubwa: ukitaka muziki mzuri nyumbani, usijichoshe kupiga msasa, wala usipoteze muda kusikiliza. Chukua cha mwenzako, na uchague kile kirefu.

Ngano imekwisha hapo.
— Na koo limekukauka!
Nipeni basi maji.
— Maji haya, Bibi, kunywa!