Judith na Kisima cha Brenna

Amri haijazi kisima. Methali hiyo mmeisikia leo sokoni, mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Haya, sogeeni. Imetoka hapa hapa bondeni Brenna, enzi za Mfalme Ottmar.

Mfalme huyo hakuwa na wa kumhoji. Baraza alikwishalivunja, na mabwana wakubwa aliwahamishia kasrini wakagombee heshima ya kumvika joho asubuhi. Alilosema ndilo lililokuwa sheria. Basi akatamani bustani yenye chemchemi za kurusha maji juu, nyingi kuliko za mfalme yeyote. Mafundi wake wakaugeuza mto wetu ukaelekea kasrini, na kufikia kiangazi visima vya Brenna vilibaki tope.

Judith Halmer alikuwa mjane, mfumaji wa sufu. Mjukuu wake Liese alikunywa maji ya dimbwi la ng'ombe, akaharisha hadi akafa. Judith alimzika, kisha akawaongoza wenzake kwenda kumlilia mfalme awarudishie mto. Hawakupita hata lango la kwanza. Waliambiwa warudi kwao, majibu yangewafuata.

Yakawafuata kweli. Mpiga mbiu alifika na askari, akasimama kando ya kisima cha kanisani, akasoma kwamba mfalme ameamuru visima vyote vya Brenna viwe na maji tele, na atakayesema havina, amemwita mfalme mwongo, naye atafungwa.

Watu waliinamisha vichwa. Wengine wakaanza kuondoka. Judith naye aliogopa, lakini kaburi la Liese lilikuwa bado bichi. Akapenya katikati ya askari, akatumbukiza ndoo, akaivuta. Ilitoka na tope jeusi. Akachota kwa kikombe, akamnyooshea mpiga mbiu.

"Bwana, umetoka mbali. Kunywa."

Yule mtu alikitazama kikombe, asikipokee.

"Umeisoma vizuri, sote tumesikia," Judith akasema. "Lakini amri haijazi kisima."

Wakamfunga kamba palepale.

Kule gerezani hakimu alimwita mara nyingi. Alimweleza kwa upole kwamba neno moja tu lingemrudisha nyumbani: akiri kuwa visima vina maji. Judith alikuwa akikohoa, na macho yalianza kufifia kwa giza la chumba. Kila alipopelekwa mbele ya hakimu, neno lile lilimjia mdomoni. Ila alijua kwamba akilitamka yeye, hakuna mtu Brenna atakayethubutu tena kusema ana kiu. Akalimeza. Jibu lake likawa moja: "Vikijaa, nitasema vimejaa."

Bondeni nako hawakulala. Mtoza kodi akija, alipewa kikombe cha tope. Mfalme akaleta kikosi kizima kikae huku kiwatie watu adabu, na askari nao wakapewa tope, kwani hapakuwa na kingine cha kuwapa. Wanawake walisimama milangoni, vikombe mkononi. Farasi wakaanza kufa. Askari wakaanza kutoroka, maana wengi walikuwa wana wa wakulima kama sisi. Mwishowe jemadari wao akapeleka habari kasrini kwamba bonde lisilo na maji halitawaliki.

Ndipo mto ukarudishwa. Ikatangazwa kwamba mfalme, kwa huruma zake mwenyewe, amewajalia watu wa Brenna maji. Radhi hakuomba. Judith aliachiwa, akaletwa juu ya mkokoteni, haoni vizuri. Waliomlaki walimwambia kwamba hatimaye mfalme ameamuru.

"Aliamuru tangu mwanzo," akajibu. "Nyinyi ndio mliokataa kuliita tope maji."

Akashikwa mkono hadi kisimani, akanywa, na akasema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba sasa kimejaa.

Tangu hapo, wanangu, mkubwa akitutangazia kuwa jambo limetimia nasi twaona halijaguswa, hatumtukani wala hatuinamishi vichwa. Tunasimama tulipo na kumwambia: amri haijazi kisima.