Kikombe cha Bi Mwanjaa

Hapo zamani, meno yangu yote yakiwa bado mdomoni, palikuwa na mji wa wakulima wa chai juu ya milima. Watu wa huko hawakunywa chai ya rangi kama mimi na nyinyi. Walichuma majani, wakayapitisha kwenye mvuke, wakayakausha, wakayasaga yakawa unga wa kijani. Unga huo waliukoroga kwenye maji wakaunywa wote, bila kuchuja. Waliuita macha.

Kijana wa mji huo akitaka kuoa, hakuulizwa ana ng'ombe wangapi. Alimpelekea mama wa binti macha, vikombe vitatu tu, basi. Mama akimaliza kimoja na kukigeuza kifudifudi, ndoa ipo. Akivibakiza vyote vitatu, kijana ashike njia. Binti mwenyewe marufuku kutoa siri ya chai anayoipenda mama yake. Na yule aliyemsaidia kijana kuipata chai iliyokubaliwa ndiye aliyempa jina mtoto wa kwanza. Mtu mmoja, jina moja.

Sasa alikuwepo Hoza, msuka vikapu. Alimpenda Hidaya mpaka akawa anasuka vikapu visivyo na kitako. Msicheke, wengine humu mmefanya mabaya zaidi! Hidaya naye alimpenda. Tatizo lilikuwa mama yake, Bi Mwanjaa, ambaye wachumba wawili walikwisha kushindwa mlangoni kwake.

Hoza akaenda kwa shangazi yake, Nakijwa. Shangazi huyu aliifunika michai yake kwa mikeka wiki tatu kabla ya kuchuma, ili majani yawe laini na matamu.

"Mwanangu, mpe iliyo bora," akasema. "Nani anakataa iliyo bora?"

Rafiki yake Hoza, Mbelwa, akaisaga taratibu. Bi Mwanjaa akaonja, akaonja tena.

"Laini. Tamu. Hii ni ya kukaa na wageni," akasema. "Mimi nina maharage ya kuchambua." Akabakiza nusu.

Hoza akapaparika. Akachuma majani makali ya michai ya juani, akayasaga mwenyewe mbiombio, akayamwagia maji yanayotokota.

"Ina nguvu," Bi Mwanjaa akasema, "lakini uchungu wake umenikunja uso, na chenga zake zimenikaa menoni." Akabakiza tena.

Kikabaki kikombe kimoja. Hoza akakaa kando ya njia, kichwa mikononi. Akapita Kidawa, muuza vitumbua.

"Kaka Hoza, unamchagulia mama wa watu chai, au unaichagulia chai sifa?"

"Una maana gani, dada?"

"Mimi napita kwake kila asubuhi. Anatoka kukamua, anakunywa kwa kikombe kikubwa cha bati, amesimama. Kila kitu anatia maziwa, hata uji. Anakunywa kidogo, anakiweka chini, anafanya kazi, anarudi kimepoa. Ile chai laini ya shangazi yako ikiingia kwenye maziwa inapotea. Na ile kali ya juani, ikipoa, haimezeki. Mtafutie ya katikati."

Hoza akakimbia kwa shangazi. Nakijwa akapanda mlima mvua ikinyesha, hadi kwenye michai ya ukingoni mwa konde, iliyopata kivuli nusu na jua nusu, akachuma jani moja moja. Yalipokauka, Mbelwa akakaa kwenye mawe ya kusagia kutwa nzima, akisaga konzi moja moja, kwa sababu mawe yakienda mbio yanapata moto na kuunguza unga. Siku hiyo ilikuwa ya mieleka, naye alikuwa bingwa. Hakwenda.

Asubuhi Hoza akayaacha maji yapoe kidogo, akapekecha macha mpaka ikatoa povu, akatia maziwa. Bi Mwanjaa akanywa funda moja, akakiweka kikombe chini, akaenda zake kwa ng'ombe! Hoza alikaribia kulia. Bi Mwanjaa akarudi, akanywa, akachambua maharage. Akanywa tena, akachungulia ndani kama aliyeibiwa, akakigeuza kifudifudi.

Vigelegele vilisikika mpaka bondeni. Harusi ikachezwa siku tatu.

Mwaka haukwisha, akazaliwa mtoto wa kike. Siku ya kunyolewa ikafika, na sharti lilikuwa jina litajwe kabla wembe haujamaliza kichwa. Wembe ukaanza. Watu watatu wakasimama.

"Mwiteni Nambua, jina la marehemu mama yangu," akasema shangazi Nakijwa. "Sina mtoto wa kulibeba jina hilo. Majani ni yangu. Maneno ya Kidawa hayanyweki."

"Aitwe Subira," akasema Mbelwa. "Kikombe cha pili kilikuwa na chenga, kikakataliwa. Nimeacha ubingwa wangu kwenye yale mawe, na hamjaniona nikilalamika."

"Aitwe Nuru," akasema Kidawa. "Kikombe cha kwanza kilikuwa na majani ya shangazi na usagaji wa Mbelwa. Mbona kilirudi nusu? Kilikosa nini, kama si macho yangu?"

"Macho yako yalikuwapo wachumba wawili wakifukuzwa," shangazi akamjibu. "Mbona ulinyamaza?"

"Hawakuniuliza. Hata Hoza hakuniuliza. Nilimwonea huruma."

Bi Mwanjaa, mjukuu mapajani, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mimi niliyeinywa sisemi kitu. Nileteeni nyingine!"

Watu wakacheka. Hoza hakucheka. Alimtazama shangazi aliyemlea, akamtazama rafiki yake wa tangu utotoni, akamtazama mwanamke aliyemwokoa bila kuombwa. Aliwapenda wote, na alijua wawili wataondoka na donge moyoni.

Wembe ukasimama. Mtoto alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa, nusu ina nywele, anapiga kelele.

"Baba..." Hidaya akamwita mumewe, kisha akakwama. "Baba nani sasa? Sema, mwanangu anapigwa na baridi!"

Hoza akafungua mdomo. Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, mtieni neno mdomoni: je, kati ya Nakijwa, Mbelwa na Kidawa, nani alistahili kumpa mtoto jina?