Insha ya Kasha la Msaji

Makumbusho yaliwaita wanafunzi, kila mmoja achague kazi moja ya sanaa na kuiandikia insha. Mshindi angesomeshwa bure hadi kidato cha nne. Mwanakombo, mjukuu wa seremala, alichagua kasha kuukuu la mbao za msaji.

Asubuhi ya mashindano, Nasri, kiranja mkuu aliyeshika orodha ya washindani, alimzuia mlangoni.

"Nipe insha yako. Ukikataa, nalikata jina lako kwenye orodha."

"Chukua, kaka. Ila isome yote, usiruke hata neno. Utamu wake uko mwishoni."

"Kwani mimi sijui kusoma?"

Nasri akaandika jina lake juu, akapanda jukwaani, akasoma kwa madaha. Ukumbi ulimshangilia mpaka alipofika mstari wa mwisho: "Sasa, waheshimiwa majaji, nileteeni kasha, niwafungulie droo ya siri kama babu alivyonifundisha."

Kasha likaletwa. Nasri akalipapasa juu, akalipapasa chini, droo asiione.

Mwanakombo akainuka, akabonyeza ua moja la shaba kati ya mapambo ya kasha. Droo ikachomoka.

"Nani kakufundisha?" jaji akauliza.

"Babu huyo huyo wa kwenye insha," alisema Mwanakombo.

Jaji akachukua kalamu, akalikata jina la Nasri.