Mwizi Aliyelipa Kabla ya Siku

Wapendwa, kabla hatujaanza kukemea adui asubuhi hii, nina mfano. Ni mfupi. Mkiuelewa, huenda tukapunguza wa kukemea.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza siagi ya karanga. Alikaanga mwenyewe, akapepeta, akasaga kwa kimashine kilichochemka haraka kuliko karanga. Siku moja shule ya bweni ikamwita: muhula ukifunguliwa, tuletee ndoo kila wiki. Mlango ndio huo umefunguka, sivyo? Lakini kile kimashine kisingeweza. Akavaa kitenge chake cha harusi za watu, akaenda benki kukopa mashine kubwa.

Afisa mikopo, kijana mpole, akatazama kompyuta, akashusha sauti. "Mama, hatutaweza. Jina lako lina mkopo wa simu ambao haujalipwa."

"Mkopo? Mimi? Mimi hata chumvi sikopi!"

"Ndivyo taarifa zako za mikopo zinavyosema, mama."

"Zinanisemaje, na mimi nazo hatujawahi kuonana?"

Kijana akacheka, akamwambia jambo la maana: kila aliyekopa, au aliyekopewa kwa jina lake, ana kumbukumbu iliyowekwa mahali. Ni haki yake kuomba nakala na kuisoma. Kama kuna kosa, alipinge, lirekebishwe.

Je, mama aliomba nakala? Nyinyi mnatujua sisi. Kusoma ni kazi, kukemea ni rahisi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikundi cha maombi. "Kuna mtu amelishika jina langu!" Wakafunga. Wakatembea huku na huku, sauti zikakauka. "Ateketee! Popote alipo, moto!" Muhula unakaribia, mashine hakuna, moto unazidi.

Mpaka mzee mmoja wa kanisa, ambaye magoti yalikuwa yanamuuma, akauliza, "Mwanangu, huyu tunayemchoma ni nani hasa? Tungemjua, tungeokoa kuni."

Mama akaona aibu. Akarudi benki, akaomba ile nakala, akasaidiwa kuisoma. Huku juu majina yake, tarehe yake ya kuzaliwa, kila kitu sawa. Chini yake, mikopo. Si mmoja. Mingi, midogo midogo, ya miaka mitatu. Mama akashika kichwa.

"Subiri, mama," kijana akasema, kidole kikishuka taratibu kwenye karatasi. "Huu umelipwa. Na huu. Huu umelipwa kabla ya siku yake. Na huu pia. Mama, huyu ni mwizi gani anayelipa?"

Ulikuwa umebaki mmoja tu, wa mwisho kabisa, hela ya kuku mmoja. Kando yake iliandikwa namba ya simu iliyoukopa.

Mama akaisoma ile namba. Akairudia bila kutazama karatasi, maana aliijua kwa moyo. Ni namba aliyokuwa akiipiga kila Jumapili baada ya ibada.

Wapendwa, mnakumbuka zile siku za kusajili laini kwa alama za vidole? Mama yake mzazi alipanga foleni na wenzake. Akaweka kidole, mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Jembe lilikuwa limemlamba vidole tangu usichana. Hakikubaki kistari hata kimoja cha kumtambulisha duniani. Watu nyuma wakaanza kusonya. Basi binti, huyu huyu muuza siagi, akasema, "Leta, mama, nikusajilie kwa jina langu." Akaweka dole gumba lake, wakaenda kunywa chai, akasahau. Ni nani humu hajafanya hivyo?

Kwa laini ile yule bibi alikopa hela ya pumba za kuku, akauza mayai, akalipa. Akakopa, akalipa. Hakumwambia binti, asimbebeshe mzigo. Mkopo wa mwisho aliuchukua wiki aliyougua. Akapelekwa hospitali, hakurudi nyumbani kuulipa.

Huyo ndiye aliyekuwa akiombewa moto.

Binti alilipa ile hela palepale. Akataka risiti, akaomba taarifa zirekebishwe. Kijana akamwambia, "Mama, zikishasahihishwa, jina lako litakuwa safi kuliko mengi ninayoyaona hapa. Na wewe hujawahi kukopa. Sifa hii yote amekujengea yeye."

Muhula ule shule ilinunua kwa mtu mwingine. Zile wiki za moto zilimgharimu. Mashine ilikuja muhula uliofuata, kwa jina ambalo mikono isiyosomeka ililipa mkopo baada ya mkopo kulisimamisha.

Sasa sisi. Sisi tunaojua majina ya mapepo na hatujui laini ngapi zimesajiliwa kwa vitambulisho vyetu. Sikatazi maombi. Nakataza uvivu unaovaa kanzu ya maombi. Kesho ni Jumatatu: nenda ukaombe taarifa zako, usome mpaka chini. Pengine utakuta kosa, lipinge. Pengine utakuta mwizi kweli, mshtaki. Lakini soma.

Na soma kwa hofu, ndugu zangu, hofu ile ya kuvua viatu. Kwa maana umekuja hapa leo umesimama wima, unaaminika, unafunguliwa milango, na unadhani ni kwa sababu wewe ni mwema. Nani amekuwa akilipa kwa jina lako, kimyakimya, kabla ya siku? Na wewe ulikuwa unamwombea nini?