Vidoa vya Kutu kwenye Gari la Bwana Mahfudh

Palikuwa na mtu mkubwa mjini Pangani, Bwana Mahfudh, mwenye maduka, mwenye nyumba za ghorofa, mwenye ukuta mrefu kuliko wa jela. Na palikuwa na mimi, Hatibu, mwenye ndoo mbili, moja imetoboka. Nilikuwa nikiosha magari chini ya ukuta wake kwa hisani yake, na hisani hiyo haikupita siku bila kukumbushwa.

Basi Bwana Mahfudh akanunua gari. Jipya, jeusi, viti bado vimevaa nailoni, na akatangaza kwamba nailoni haitoki mpaka apate mjukuu. Gari likasomewa dua, likafukizwa udi. Mimi siku ya ndoa yangu sikufukizwa udi kiasi kile.

Gari la namna hiyo halilali kwenye nyumba isiyo na geti. Bwana akaita mafundi wa kuchomelea, wakakata vyuma papo hapo uwanjani, cheche na vumbi la chuma vikirukia kwenye gari. Nikamwambia, "Bwana, tulifunike turubai." Akaniuliza, "Nimelinunua ili watu wapite waone turubai?" Mnyonge hana haki, na mwenye ndoo iliyotoboka hata kauli hana.

Usiku umande ukashuka, lile vumbi la chuma likashika kutu. Geti lilipokamilika, gari lilikuwa na vidoa vya hudhurungi kila mahali, na ukilipapasa utadhani msasa. Bwana Mahfudh akaniita mbele ya wazee waliokuja kunywa kahawa na kulitazama hilo gari.

"We Hatibu! Maji yako yamelitia gari langu kutu."

"Shikamoo, bwana. Maji hayohayo ndiyo ninayooga mimi miaka yote."

"Na jitazame ulivyo!"

Wazee wakacheka. Nami nikacheka, maana kwa hilo alisema kweli.

"Utavitoa vyote leo," akasema. "Lakini usikwangue, na rangi yangu usiichubue. Nikiona doa, moja tu, beba ndoo zako uhame ukuta wangu."

Hapo nikaogopa, sifichi. Ukuta ule ndio uliokuwa na bomba, na bomba lile ndilo lililolisha wanangu. Mke wangu alikwisha kuniambia: siku ukifukuzwa pale, usirudi mikono mitupu, rudi na mahali pengine pa kulala.

"Na nisipoacha doa, bwana?"

"Utakaa hapo mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka, bwana. Sema mpaka nife."

"Mpaka ufe! Mashahidi hawa hapa."

Nikakimbilia kwa fundi rangi, nikaomba dawa ya kutu na kipande cha ule udongo laini wa kuzolea uchafu juu ya rangi. Nikaliosha gari, nikalipulizia dawa. Dawa ile ikikutana na chuma hugeuka zambarau, tena hunuka mayai viza. Michirizi ya zambarau ikaanza kuteremka milangoni. Bwana Mahfudh, mdomo mwekundu umejaa tambuu, akaruka kitini.

"Umeliua! Rangi inatoka!"

"Rangi yako nyeusi, bwana. Hii zambarau."

"Basi linavuja damu!"

"Lingekuwa na damu, bwana, tusingelitilia petroli."

"Na uvundo huu?"

Wazee wote wakanigeukia mimi. Siwalaumu. Kwa sura niliyo nayo, hata mimi ningejishuku.

"Ni dawa, wazee wangu. Mimi nilioga Ijumaa."

Nikasuuza. Nikalilowesha gari kwa maji ya sabuni, nikautelezesha ule udongo polepole, kama mtu anayemfuta mtoto machozi, mpaka kiganja kikipita hakikwami popote. Nikakausha, nikapaka nta. Gari likang'aa hata nikajiona humo, nikajuta kujiona.

Bwana Mahfudh akaja kukagua. Boneti, hakuna kitu. Paa, hakuna kitu. Akainama, akachungulia mpaka nyuma ya magurudumu, akihema, na kila asipoona doa alizidi kununa. Alipofika mlango wa dereva akasimama wima, akanyoosha kidole, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Na hili ni nini?"

Nikasogea. Wallahi, ndani ya ule weusi palikuwa na doa. Jekundu, la duara, limekaa kama mpangaji. Nikafuta kwa kitambaa, lipo. Nikafuta tena kwa nguvu, lipo.

"Beba ndoo zako!"

Nikamtazama yeye, nikalitazama doa, nikamtazama tena.

"Bwana, rudi nyuma hatua moja."

"Nirudi kwa nini?"

"Si umeshanifukuza? Nifurahishe tu."

Akarudi nyuma. Doa nalo likarudi. Akasogea kushoto. Doa nalo likaenda kushoto. Wazee wakaweka vikombe chini, wakamtazama kifuani, kwenye ile kanzu yake nyeupe. Yeye macho yake mlangoni tu.

"Unangoja nini?" akafoka. "Litoe!"

"Hilo siliwezi, bwana. Mimi ni wa magari. Hilo mpelekee dobi."