Kifaru Kidogo cha Babu Eliamini

"Ukiletewa kidogo, usimlilie mdogo."

Mmemsikia Bibi Namkunda akimwambia jirani hivyo, na sasa mnaniuliza mdogo ni nani. Elisante, acha kumtazama mdogo wako hivyo, hajaibiwa na mtu. Wala methali hii msiwasingizie wahenga, maana ilizaliwa sebuleni humu humu, hapa Same, na mimi nikiwepo. Kaeni.

Babu Eliamini alikuwa askari wa wanyamapori. Kazi yake ilikuwa kulinda vifaru, wale wenye pembe, na aliwapenda kiasi kwamba Bibi alikuwa akisema ameolewa uke wenza na mnyama. Alipostaafu akawa anawaota. Kisha kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukalegea.

Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira laini aubinye, akamwonya kwamba vidole visipotumika vitajikunja moja kwa moja. Babu alisema yeye si mtoto wa kuchezea mpira. Mpira ukaenda kwa mbwa, na mbwa akapata nafuu kabisa.

Tatizo likawa ugali. Tonge lilimdondoka, na kijiko alikikataa mbele za watu. Basi akawa anakula chumbani, mlango umefungwa. Bibi alikula nasi mkekani, lakini macho yake yalikuwa kwenye ule mlango. Hakulalamika. Alipunguza kula tu.

Siku moja dada yangu Nakiete, shangazi yenu, akapiga simu kutoka Dodoma anakofundisha Kiswahili.

"Babu, nikija likizo nikuletee nini?"

"Niletee kifaru kidogo, nikiweke mezani nikitazame."

Sasa, mwalimu wa Kiswahili hasikilizi kama mimi na ninyi. Yeye husikiliza ngeli. Akafika na boksi limefungwa kwa utepe, nasi tukamzunguka Babu. Akalifungua kwa mkono wa kushoto. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki tele vimeshikana kwenye fremu, gundi, brashi na vikopo vya rangi. Babu akavipekua mpaka chini.

"Nakiete, pembe iko wapi?"

"Pembe? Kuna mzinga, Babu, huu hapa. Ni kifaru cha jeshi. Unakiunga mwenyewe, kisha unakipaka rangi."

"Jeshi! Nina vita na nani mimi? Nilitaka kifaru!"

"Ulisema kidogo, Babu. Ungesema mdogo, ningejua ni mnyama."

"Sanamu ina pumzi? Kitu kisichopumua nikiite mdogo?"

"Mnyama ni mnyama hata akiwa wa mti. Ngeli ndivyo inavyotaka."

"Ngeli! Nimewalinda maisha yangu yote, hakuna hata mmoja aliyeniuliza ngeli!"

Nilicheka mpaka nikatolewa nje, nikarudi kwa mlango wa nyuma. Nikamkuta Nakiete hacheki. Alikuwa anarudisha vipande kwenye boksi polepole, midomo ameikaza, kama mtu anayeficha kilio. Bibi akamshika mkono.

"Kiache hapo, mwanangu." Kisha akamgeukia Babu. "Na wewe mzee, mdogo yuko porini, ana walinzi wengine sasa. Umeletewa kidogo, usimlilie mdogo."

Babu akanuna hadi asubuhi. Asubuhi tukamkuta mezani, miwani puani, anapambana na gurudumu dogo kama kifungo cha shati. Mkono wa kushoto peke yake ulishindwa, ikabidi wa kulia ushike. Gundi ilikamata kidole, ikakamata gazeti na kitambaa cha meza. Kilichobaki huru ni gurudumu.

"Msicheke," akasema. "Njooni mnibandue."

Magurudumu ya kifaru yalivyo mengi! Kila moja lilitaka libanwe kwa kidole na gumba mpaka gundi ikauke. Bibi akawa anamshikia kiwiliwili cha kifaru, naye Babu anabana, wanagombana kwa sauti ya chini kama maharusi. Ulipofika wakati wa rangi, Babu akaiacha ile ya kijani akachanganya ya udongo na ya majivu.

"Babu, jeshi gani lina rangi hii?" Nakiete akauliza.

"La waliogaagaa kwenye tope," akajibu, brashi ikitetemeka katika mkono wa kulia. Mistari ilikwenda upogo. Akaipaka tena.

Likizo ilipokaribia kwisha, Bibi alimpelekea Babu chakula chumbani kama kawaida, akakuta kitanda kitupu. Kurudi, mzee kakaa mkekani katikati yetu, ananawa, rangi ingali kwenye kucha. Akamega ugali, akaufinya, ukamvunjikia, ukaangukia mchicha. Sote tukatazama dari kana kwamba ina sinema. Akamega tena, akafinya taratibu kwa kidole na gumba, kama gurudumu. Tonge hili likashika. Akaliinua mbele ya Nakiete.

"Haya, mwalimu. Tonge hili ni kidogo au ni mdogo?"

"Ni dogo, Babu."

"Lo! Basi lugha hii imenishinda," akasema, akalitia mdomoni.

Bibi akacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya khanga, akalisogeza bakuli la mchicha upande wa mkono wa kulia wa Babu. Siku hiyo Bibi alikula akaongeza.

Ndiyo hiyo, Elisante. Ukiletewa kidogo, usimlilie mdogo.