Hata Kamera Kipofu Humulika

Hata kamera kipofu humulika. Ndivyo alivyosema mama yenu mdogo jana, yule bwana anayetaka kura alipomaliza kutuahidi mabomba ya maji na kupanda gari lake, nanyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Leo mnakuja kuniuliza kamera kipofu ni mdudu gani. Haya, kaeni. Wewe endelea kumenya viazi, kusikiliza ni kazi ya masikio, si ya mikono. Methali hii hawakutuachia wahenga. Imezaliwa hapahapa kwetu Ukinga, na wengine tulioiona ikizaliwa bado tunapumua. Ilianza hivi.

Zamani hizo picha zilikuwa za mkanda, hakuna simu ya kupigia. Mpiga picha wetu alikuwa Ezekia Tweve, kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye koti la mifuko miwili mikubwa. Kamera yake ilikuwa kidude cha plastiki cha bei ya chini, hakina cha kukaza wala cha kulegeza. Unatazama kwenye kitundu, unabonyeza, basi. Wapiga picha wa mjini wenye mikamera mizito walikiita mwanasesere. Lakini picha zake, jamani! Ukiitazama picha ya Ezekia unamwona mtu mwenyewe, mpaka unataka kumsalimia.

Siri yake haikuwa kamera. Ezekia alikijua kidude chake kilivyo na udhaifu. Alijua kwamba chini ya hatua nne uso unatoka na ukungu, kwa hiyo alizihesabu kwa miguu, kila mara. Alijua kitundu cha kutazamia kimekaa pembeni ya lenzi, basi aliacha nafasi ya kiganja juu ya kichwa, asije akamkata mtu utosi. Jua la mchana alilikataa; alitaka la saa mbili au saa tatu, nalo limpige yeye mgongoni. Watu aliwasimamisha karibu na ukuta mweupe wa ghala la pareto, weupe ule uwarudishie mwanga usoni. Akibonyeza, alibana viwiko mbavuni na kutoa pumzi kwanza. Na kabla ya hayo yote alimtazama mtu. Alikutazama mpaka ukaona haya, akasema, "Inua kidevu kidogo, shangazi, kovu lako zuri hilo, usilifiche." Mkanda ni picha thelathini na sita tu, na ukikosea hakuna kufuta. Mkanda ukiisha anautuma kwa basi mjini kusafishwa, na mwingine unachukua wiki mbili, tatu, kufika.

Sasa, Ezekia alikuwa na kamera ya pili, ndugu ya ile ya kwanza. Hiyo ilianguka mtoni siku moja ya ubatizo, na kikope chake cha ndani, kile kinachopitisha mwanga hadi kwenye mkanda, kikaganda, hakifunguki tena. Flashi tu ndiyo iliyopona. Akaipa jina: Kipofu. Nzima ilikaa mfuko wa kulia, Kipofu mfuko wa kushoto. Mlevi akitoka kwenye ulanzi akimng'ang'ania, "Ezekia, nipige, nipige bwana!" anamtolea Kipofu, pwaa, mwanga, mlevi anakwenda zake amefurahi. Watoto vilevile. Wakija kuuliza picha, anasema, "Imeungua huko mjini, pole." Nasi tuliojua tulicheka. Tulicheka sana, nisiwafiche. Uongo ule tuliuona hauna meno.

Mwezi wa sita mwaka huo, baridi kali, ukungu umekaa siku ya nne bila kunyanyuka, akaja Bibi Tuponile Sanga kutoka kitongoji cha juu. Mwendo wa saa mbili, na mgongoni amembeba mjukuu wake wa miaka mitano, Atuganile. Mama wa mtoto alifariki siku ileile ya kumzaa. Baba yake, Lutengano, mwana pekee wa bibi, alikuwa gerezani mbali huko, kwa ugomvi wa kilabuni uliomuua mtu. Alifungwa mtoto akiwa bado tumboni. Hakuwahi kumtia machoni hata siku moja, na kifungo kilikuwa kimebakiza miaka mitatu.

"Ameniandikia barua, mwanangu," bibi akamwambia Ezekia, akimteremsha mtoto. "Anasema, mama, sikuombi kitu kingine, niletee uso wa mwanangu. Nami nimekuja kwako."

Ezekia alitazama angani. Kijivu tupu, ukuta wa ghala wenyewe hauonekani vizuri. Mtoto anakohoa, anatikisika kila anapokohoa. Kwenye kamera nzima zilibaki picha tatu, na Jumamosi binti wa mchungaji anaolewa. Akajua picha ya leo itatoka mbaya, na picha mbaya yenye mkono wake aliiogopa kama ugonjwa, maana watu watasema Ezekia siku hizi kaharibika. Kumwambia bibi kizee arudi siku ya jua, akipande kile kilima na mtoto mgongoni, hilo nalo lilimshinda. Alimwonea huruma kweli. Akaona njia ya mkato: nimridhishe leo, mkanda mpya ukija nitamfuata mwenyewe kwake, nimwambie ile ya kwanza imeungua, nimpige tena vizuri.

Mkono ukaenda mfuko wa kushoto.

Hakuhesabu hatua. Hakumwambia mtoto ainue kidevu. Alinyanyua Kipofu, akabonyeza, flashi ikawaka ndani ya ukungu, na Atuganile akafumba macho na kucheka.

"Tayari, bibi."

"Tayari kabisa?"

"Kabisa. Nenda kapumzike."

Bibi Tuponile alimshukuru kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, yeye kizee mbele ya kijana. Ezekia akageukia mambo yake.

Siku kumi baadaye bwana shamba alipanda kitongoji cha juu kupiga picha za viazi vilivyooza shambani, maana ofisi yake ilimdai ushahidi. Naye alikuwa na kamera yake ya mkanda. Akapita kwa Bibi Tuponile, akamwona mtoto amekaa uani kwenye jua, jua zuri la asubuhi lililotoka baada ya ukungu wote ule. Mtu mwema yule. Akasema, "Mama, nimebakiwa na picha mbili. Nimpige huyu binti, nikuletee bure?"

Nanyi mnatujua sisi watu wa huku. Mtu akikukaribisha chakula na wewe umeshashiba, unakataa. Kupokea mara mbili ni ulafi, na mtoto wa mtu aliyelelewa hafanyi hivyo. Bibi Tuponile alicheka, akasema, "Asante sana, baba. Huyu Ezekia ameshampiga. Wabakizie wengine ambao hawajapata."

Bwana shamba akashuka kilima na picha zake mbili.

Mkanda mpya wa Ezekia ulichelewa, basi liliharibika njiani. Ulipofika, kukawa na kipaimara, kisha mnada, naye akasema wiki ijayo nitapanda. Wiki hiyo kile kikohozi kikashuka kifuani kwa Atuganile. Alilala Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Sanduku lake lilibebwa na mtu mmoja.

Ezekia alikuwepo kaburini. Alisimama nyuma kabisa. Alitaka kusema, akaogopa. Siku ya saba bibi akaja mwenyewe kwenye kiduka chake cha picha, ana kanga ya msiba kichwani na bahasha mkononi, imeshaandikwa anwani ya gereza.

"Nimekuja kuchukua picha, mwanangu. Nimtumie pamoja na habari. Habari peke yake nimeshindwa kuituma."

Ezekia akasema, "Bibi..." Angeweza kusema imeungua, ulimi ulishazoea. Lakini mbele ya ile bahasha ulimi ulikataa.

"Bibi, picha hakuna."

"Haijarudi kutoka mjini?"

"Haikupigwa. Kamera ile ni mbovu. Haichukui picha. Nilikuridhisha tu, bibi, nilitaka nije nimpige vizuri baadaye. Nisamehe."

"Lakini iliwaka. Niliona mwanga kwa macho yangu."

"Iliwaka, ndiyo."

Bibi akanyoosha mkono. Ezekia akampa Kipofu. Kizee akaigeuzageuza, akaielekeza usoni pake mwenyewe, akabonyeza kwa kidole gumba. Pwaa! Mwanga ukampiga machoni, machozi yakamshuka, sijui kwa mwanga ule au kwa yaliyokuwa moyoni.

"Na hapa haikuniona?"

"Haikukuona, bibi."

Akaiweka juu ya meza taratibu. "Kumbe hata kamera kipofu humulika," akasema. "Mimi nilimrudisha bwana shamba kwa ajili ya mwanga huu. Ungeniambia huna, Ezekia, ningetafuta. Mkosa hutafuta. Wewe ulinifanya nikae kama niliyepata."

Hakumlaani. Wote tuliokuwa pale dukani tulitamani amlaani, angalau mambo yaishe. Alisukuma ile bahasha mbele yake, akasema, "Utaipeleka wewe. Na maneno utamwambia wewe."

Ezekia akaenda. Siku mbili za basi, na ya tatu kwa miguu. Haya ya huko tuliyasikia kwake mwenyewe, maana aliporudi aliyasema kanisani mbele ya watu, akisimama, naye hakuwa mtu wa kusimama kanisani. Walimleta Lutengano upande wa pili wa wavu, mtu mkubwa, kichwa kimenyolewa. Ezekia akamwambia yote, mtoto, kikohozi, ukungu, Kipofu. Hakujitetea. Alitegemea atukanwe, askari wawatenganishe.

Lutengano aliushika wavu kwa vidole. Akasema, "Basi niambie wewe. Wewe ni mpiga picha, ulisimama mbele yake. Mwanangu alikuwaje?"

Ezekia alifungua kinywa. Aliukumbuka ukuta wa ghala. Aliikumbuka kanga ya bibi, na kiatu cha bibi kilichofungwa kamba ya katani. Aliwakumbuka watu mamia aliowapiga, kovu la huyu, jino la yule. Kwa mtoto alitafuta, akatafuta, hakuona kitu, kwa sababu siku ile hakumtazama. Kipofu haina haja mtu atazame.

"Alifumba macho," akasema. "Flashi ilipowaka, alifumba macho akacheka."

"Na alipoyafumbua?"

Lutengano akamngoja. Askari akasema muda umekwisha, na bado alikuwa anamngoja, anamtazama kupitia ule wavu kama mtu anayesubiri kusomewa barua.

Bibi Tuponile hakuufikia mwaka uliofuata. Lutengano alipotoka hakurudi huku. Atarudi kwa nani? Ezekia aliishi sana, na aliendelea kupiga picha, lakini hakuwahi tena kumwambia mtu "tayari" mpaka picha yenyewe iwe mkononi.

Ndiyo hivyo. Mnyimi anakuuma leo, kesho unatafuta kwingine. Anayekumulikia na nyuma ya mwanga hakuna kitu, huyo anakukalisha chini umetulia mpaka ulichokuwa unakitafuta kife. Jana mlicheka. Leo mkisikia mtu amesema hata kamera kipofu humulika, nadhani mtanyamaza.